Asmini Ina Jasho Lake

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mali yenye harufu nzuri huisha hivyo hivyo. Mwaka huu nimeshika kalamu kuandika juu ya maua, na najua baadhi yenu mmeshaanza kucheka kabla ya kufika mstari wa tatu. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, kwa maana jambo lenyewe si la pambo. Ni la riziki, ni la karo, na ni la nani afanyaye kazi na nani apokeaye pesa.

Maoni yangu ni haya. Shamba dogo la maua linaloendeshwa na familia ni kazi halali, sawa na duka, sawa na tuktuk, sawa na kibarua cha bandarini, na lastahili kuhifadhiwa. Lakini halitadumu ikiwa mikono inayolihudumia haihesabiwi wala hailipwi. Nusu ya kwanza ya maoni hayo watu wengi huikubali kwa tabasamu. Nusu ya pili ndiyo inayoleta ugomvi, hata nyumbani kwetu.

Hapa Kenya ukitaja kilimo cha maua, kila mtu hukimbilia Naivasha. Ndivyo tulivyofunzwa katika Jiografia: mawaridi, mabanda makubwa ya plastiki, na ndege zinazoruka kutoka Nairobi kuelekea Uholanzi. Ni kweli, na ni biashara inayoiletea nchi fedha nyingi za kigeni. Hata hivyo ni biashara inayotegemea mbingu za wenyewe. Mwezi wa Aprili 2010 volkeno ya Eyjafjallajökull ilipolipuka huko Iceland, ndege za Ulaya zilikaa chini siku kadhaa, na mawaridi ya Kenya yakatupwa. Mwezi wa Machi 2020 korona ilipofunga masoko ya Ulaya, yakatupwa tena. Baadhi ya maua hayo sasa hupitia kwetu Mombasa, ndani ya makontena yenye ubaridi, kwa safari ya baharini ya karibu mwezi mzima. Hata huko nako hakukuwa na salama: tangu mwisho wa mwaka 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu kwa ajili ya mashambulizi, zikazunguka kwa Afrika Kusini, na safari ikazidi urefu.

Asmini haipandi ndege wala meli. Yachumwa Kibarani alfajiri, na jioni iko kichwani mwa bibi harusi Kibokoni. Hakuna vita wala volkeno inayosimama kati ya mkulima na mnunuzi. Kinachosimama kati yao ni msongamano wa magari pale Makupa, basi.

Kwa wenzetu waliotoka bara ambao huenda hawajui, nitaeleza kidogo. Pwani yetu haina harusi bila maua. Asmini hutungwa kwa sindano na uzi kuwa makoja, yaani mashada ya kuvaa shingoni, na nyingine hushonwa za kupamba nywele. Rihani, vipande vya jani la mkadi, asmini, na waridi likipatikana, hufungwa pamoja na kunyunyizwa marashi kuwa kikuba, ambacho mwanamke hukipachika kifuani au nyweleni. Kitanda cha maharusi hutandazwa asmini. Idd huja na asmini, na Maulidi pia. Wahindi wa mjini nao hununua kwa ajili ya mahekalu yao. Hivyo basi si ua la kabila moja wala la dini moja.

Wala msidhani ni mambo ya nyanya zetu wa Mji wa Kale tu. Ua hili hili la asmini ndilo ua la taifa la Ufilipino tangu mwaka 1934. Huko India ya Kusini, asmini ya mji wa Madurai ilisajiliwa mwaka 2013 kwa jina la mahali pake, kwa njia ambayo chai ya Darjeeling inajulikana kwa jina la kwao, ili mtu wa pengine asiuze yake kwa kujifanya ni ya Madurai. Wenzetu wamelipa ua hili heshima ya sheria. Sisi hata jina la mahali linapotoka twalificha.

Nasema twalificha kwa sababu najua. Kwa miaka mingi ukitaja Kibarani mbele ya mtu wa Mombasa, aliziba pua. Jaa kubwa la taka za mji lilikuwa kwetu, kando ya barabara na kando ya maji, na moshi wake ulimlaki kila aingiaye kisiwani. Serikali ya kaunti ililifunga mwaka 2018, taka zikapelekwa Mwakirunge, na mahali pale pakapandwa miti na nyasi. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Makupa, na maji ya bahari yakapata njia tena pale yalipozibwa na tuta la barabara. Lakini sifa mbaya haifungwi kwa amri kama jaa. Mpaka leo mamangu akiulizwa na mnunuzi, "Bi, asmini zako zatoka wapi?" hujibu, "Zatoka bara." Si uongo, kwani Kibarani ni ng'ambo ya kisiwa, lakini si jibu kamili. Mimi husema wazi: zatoka Kibarani. Mnunuzi akinusa, pua yake itamwambia mengine.

Sasa nije kwenye shamba lenyewe, na neno shamba lisiwatishe. Ni kipande cha nyuma ya nyumba, upana wake hauzidi madarasa mawili ya shule yetu. Nyanyangu alianza na vipandikizi vitatu alivyopewa na shogaye wa Kuze. Leo tuna mashina 62 ya mwasmini, matuta mawili ya rihani, na mikadi miwili pembeni. Maji ya kisima chetu yana chumvi, hayafai kwa mwasmini. Twanunua maji matamu kwa mitungi kutoka kwa watu wa mikokoteni. Kila mtu wa Mombasa aijua shida hiyo: maji yetu yatoka mbali, Mzima na Baricho, Marere na Tiwi, na bomba likikauka wiki moja, mtungi hupanda bei siku ya pili.

Watu hudhani maua hujiotea. La! Mwasmini usiokatwa hugeuka kichaka cha majani. Baridi ya kusi inapokwisha, kama mwezi wa Septemba, twaukata matawi, twautia samadi ya mbuzi na kungoja mvua za vuli. Machipukizi mapya ndiyo yanayobeba matumba. Kaskazi ikishavuma na jua likiwa kali, kuanzia Desemba mpaka Machi, matumba huja kwa wingi. Masika ya Aprili na Mei huyaangusha. Juni mpaka Agosti ni kuokota moja moja. Hiyo ndiyo kalenda ya mti.

Lakini kuna kalenda ya pili, nayo haifuati jua. Harusi zetu nyingi hufuata mwezi wa kuandama. Hapana harusi ndani ya Ramadhani. Harusi hujaa kabla yake, Shaabani, na baada yake, kuanzia Mfungo Mosi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo msimu wa harusi hurudi nyuma kidogo kila mwaka, na mti haujui habari hiyo. Mwaka 2017 Idd iliangukia mwishoni mwa Juni, katikati ya baridi: harusi tele, asmini hakuna. Mwaka 2025 iliangukia mwishoni mwa Machi, na Shaabani yake ikawa Februari, wakati mashina yamejaa. Tukijaaliwa uhai, mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzo wa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na harusi za kabla na za baada zitakuwa ndani ya kaskazi. Hivyo miaka tuliyo nayo ni miaka ya neema kwa mwenye asmini. Kisha kalenda mbili hizo zitaanza kuachana tena. Mtu aendeshaye shamba la maua bila kujua hesabu hii ni kama nahodha asiyejua pepo.

Na hapa ndipo niwajibu wale wasemao kwamba kazi ya msimu si kazi. Mvuvi hana msimu? Muuza maembe? Mwenye hoteli za ufuo hana miezi ya wageni na miezi ya mbu watupu? Kazi ya msimu haina kosa. Kosa ni kula Februari yote ukasahau Juni.

Uchumaji nao una saa yake. Tumba la asmini lachumwa likiwa limenona na kuwa jeupe, bado limefumba. Hufumbuka lenyewe usiku, baada ya isha, na harufu hutoka wakati huo. Ukichuma likiwa la kijani, halitafumbuka kamwe. Ukichelewa likafumbuka mtini, asubuhi lina hudhurungi na halina mnunuzi. Yaani bidhaa yetu ina maisha ya usiku mmoja. Kuku asipouzwa leo huuzwa kesho. Asmini ya jana haimfai mtu.

Wengi huchuma alasiri, baina ya saa nane na saa kumi. Kwa mtoto wa shule ya kutwa, saa hizo ni za darasani. Najua wenzetu, wa maua na wa biashara nyingine, wanaokatazwa kuja shule siku ya kazi nyingi nyumbani. Mwalimu humwuliza, naye hujibu alikuwa mgonjwa. Nasema hili bila kuuma maneno: harusi si ajali. Haitokei ghafla. Tarehe yake yajulikana mwezi mzima kabla, kadi zimeshagawiwa, ukumbi umeshalipiwa. Hakuna haki ya kumtoa mtoto darasani kwa jambo lililojulikana mwezi mzima. Sisi nyumbani tuligeuza. Siku za shule twachuma alfajiri, saa kumi na moja na nusu, twayatandaza matumba juu ya kitambaa chenye unyevu, twayafunika kwa jani la mgomba na kuyaweka mahali pa baridi chini ya mtungi wa maji. Yakae hivyo mpaka mama na nyanya wayatunge mchana. Jioni hufumbuka vizuri kabisa. Haikugharimu chochote ila usingizi, na shuleni nafika kabla ya kengele.

Jani la mgomba nalo lina kisa chake. Zamani tuliweka maua ndani ya mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017, wauzaji walilia wakisema biashara imekufa. Wakarudi kwenye jani la mgomba kama walivyofanya wakubwa, wakagundua kwamba asmini ndani ya jani hukaa bila kutoka jasho na kuoza. Kumbe sheria ilitusaidia bila sisi kuomba.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana wengi hupenda harufu na kuogopa hesabu. Msimu uliopita nilinunua daftari la kurasa 96 nikaandika kila kitu, kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Machi, wiki 16. Mauzo yalikuwa shilingi 41,300. Maji yalikula 9,600. Samadi 1,500. Uzi na sindano 600. Nauli na mafuta ya kupeleka mzigo mjini 5,200. Gharama zote ni 16,900, na kilichobaki ni 24,400. Ukigawa kwa wiki 16, ni shilingi 1,525 kwa wiki.

Nilipowasomea wazee hesabu hiyo, kila mmoja alisikia neno lake. Babangu alisikia maji na kuguna. Mamangu alisikia 24,400 na kusema, "Na mbona mimi sikuziona?" Kakangu, ambaye ana tuktuk na ndiye apelekaye mzigo na kupokea pesa, alisema hesabu hii ndiyo inayothibitisha maneno yake: miasmini ing'olewe, tujenge vyumba viwili vya kupangisha. Kila chumba shilingi 3,000 kwa mwezi, vyumba viwili 72,000 kwa mwaka. "Mwalinganisha na maua?" akauliza.

Mgala muue na haki yake mpe. Hesabu ya kakangu si ya kipumbavu, na sitaki msomaji adhani ni mtu mbaya. Elfu 72 ni zaidi ya elfu 24, hilo hata mtoto wa chekechea alijua. Lakini fundi alituambia vyumba viwili vya mawe na bati, na choo chake, havipungui shilingi 400,000. Kwa kodi hiyo, bila chumba kukaa kitupu hata mwezi mmoja, ni miaka mitano na nusu kabla ya kurudisha mtaji. Na mtaji wenyewe hatuna. Ni wa mkopo, na mkopo una riba. Isitoshe, sisi ni kama familia nyingi za Mombasa: nyumba ni yetu lakini ardhi si yetu, twailipia ijara kila mwezi. Mwenye ardhi akiitaka siku moja, chumba cha mawe hukibebi begani. Mwasmini hukatwa kipandikizi, ukaenda nacho popote, kama alivyofanya nyanya alipoanza.

Kwa hiyo rai yangu katika mjadala wetu wa nyumbani, ambao haujaisha, ni kwamba vyumba visijengwe kwa mkopo juu ya ardhi ya mtu. Kama babangu na kakangu wataweka akiba, upande wa chini wa kiwanja, ule wenye chumvi ambao miasmini haistawi, unaweza kuchukua chumba kimoja. Mashina 62 yabaki.

Lakini yabaki kwa masharti. Hapa ndipo ninapotaka kusikilizwa vizuri, hasa na wavulana wenzangu. Katika daftari langu niliandika pia saa. Msimu ule tulikuwa na siku 50 za kazi kubwa. Kila siku watu wanne, mama, nyanya, dadangu na mimi, tulitumia kama saa mbili kila mmoja kuchuma na kutunga. Hizo ni saa 400. Gawa 24,400 kwa 400: shilingi 61 kwa saa. Mtaani kwetu mwanamke akienda kufua nguo za watu kutwa, saa nane, hupewa shilingi 500, yaani 62 na senti kwa saa. Yamelingana kabisa! Tofauti ni kwamba anayefua hurudi na pesa mkononi. Dadangu ametunga makoja msimu mzima, ncha za vidole zimetobolewa na sindano, na hakupata hata thumuni. Akiuliza, huambiwa, "Kwani wewe hukuli humu nyumbani?"

Neno hilo ndilo linaloua mashamba ya familia, si jua wala chumvi. Mtoto anakula nyumbani, ni kweli. Hata kakangu anakula nyumbani, lakini hakuna amwambiaye asichukue pesa ya mafuta na ya soda. Inaonekana mkono unaoshika usukani wahesabiwa, na mkono unaoshika sindano hauhesabiwi. Kisha tunashangaa wasichana wakikua wanakimbilia kazi yoyote nyingine, na nyanya anabaki peke yake na kikapu, na watu wanasema, "Vijana wa leo hawapendi mila." Si mila wanayoikimbia. Wanakimbia kazi ya bure.

Kuna watakaosema kwamba familia si kampuni, na kuhesabiana saa ni kuvunja udugu. Nimelifikiria neno hili sana, kwa sababu nyanyangu mwenyewe ndiye aliyelisema. "Wata hayo, mwanangu," aliniambia, "mama hamtozi mwanawe, na mwana hamtozi mamake." Namheshimu, na ni kweli kwamba si kila kitu ni cha kulipana. Maji ya kunywa hatuuziani. Lakini asmini hatuitungi kwa ajili ya kuvaa sisi. Twaiuza. Kitu kikishauzwa kwa mtu wa nje, pesa imeingia, na pesa ikiingia lazima iwe na mwenyewe. Kutohesabu hakuondoi mgawanyo. Humwachia tu yule anayeipokea kwanza. Udugu wetu ulikuwa karibu na kuvunjika pale mama alipouliza pesa iko wapi, si pale nilipofungua daftari.

Nageukia sasa wale wanaosema kutunga maua ni kazi ya wanawake. Mimi ni mvulana, natunga koja, na darasani nimeshapewa jina la "Bwana Harusi". Si neno, nimelizoea. Lakini nawauliza: mshonaji wa kanzu anayeshika sindano pale mjini ni mwanamke? Anayetia nakshi kofia ya vito hushika nini, nyundo? Huko Naivasha wanaume wanakata mawaridi na kuyafunga, na hakuna awachekaye kwa kuwa wanalipwa mshahara. Kumbe aibu haimo katika ua. Imo katika kufanya kazi bila malipo, na tumewabebesha wanawake aibu hiyo kisha tukaiita desturi.

Tatizo la mwisho ni maua ya plastiki. Siku hizi ukumbi wa harusi hupambwa kwa mawaridi ya plastiki ya kukodi, na hata bibi harusi huvishwa koja la plastiki kwa sababu halinyauki. Kizuri chajiuza, husema watu, lakini kizuri hakiwezi kushindana na kisichokufa. Sisi wa Kibarani twajua vitu visivyokufa vinaishia wapi. Vilikuja kwetu kwa lori miaka mingi, vikakaa palepale, jua likivipiga na moshi ukivifuka. Asmini hunyauka asubuhi, ikafagiliwa, ikawa mchanga. Kunyauka kwake si upungufu. Ndiyo sababu inanunuliwa tena wiki ijayo, na ndiyo sababu mtu wa Kibarani ana kazi wiki ijayo.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, kila familia yenye biashara ya namna hii, iwe maua, viazi karai au mabuyu, iwe na daftari moja linaloandikwa na mtoto wa shule na kusomwa mbele ya wote kila Jumapili. Tunafunzwa Hisabati na Biashara ili iweje, kama si hivyo? Pili, faida igawanywe kwa mikono kabla ya kugawanywa kwa vyeo. Nyumbani nimependekeza nusu iende kwenye karo na maji ya msimu ujao, na nusu igawiwe waliofanya kazi kwa saa zao, nyanya akiwa wa kwanza. Pesa yote ishikwe na mama. Kaka alipwe nauli yake kama mwenye tuktuk mwingine yeyote, kwa bei ya kawaida, na aandike jina lake daftarini. Tatu, kaunti yetu iliyopanda miti pale jaa lilipokuwa isikomee kwenye kivuli. Bomba moja la maji matamu kwa bei ya haki kwa wakulima wadogo wa Kibarani litafanya kazi kuliko hotuba kumi za mazingira. Katika daftari langu, maji pekee yamekula zaidi ya nusu ya gharama zote.

Na jambo moja dogo kwa chama chetu cha Kiswahili. Kila tarehe 7 Julai, tangu mwaka 2022, ulimwengu huadhimisha Siku ya Kiswahili, nasi hualika mgeni wa heshima na kumvika koja. Koja la mwaka jana lilikuwa la plastiki, lenye waridi jekundu na waya wa kijani. Mgeni aliinama akavalishwa, akatabasamu, asinuse chochote. Mwaka ujao tusifanye hivyo. Lakini msinijie mwezi wa Juni kuniomba makoja 10 ya asmini, kwani Julai ni kusi na mashina hayana kitu. Niagizeni vikuba vya rihani na mkadi, ambavyo haviogopi baridi. Agizeni wiki mbili kabla, na lipeni siku ya kuchukua. Pesa mpeni dadangu mkononi, ndiye atakayevifunga.